Mafuta Yaliyoishia Kwenye Ubaridi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, jua limewaka Morogoro hata lami ya Msamvu inanata kwenye soli za viatu, na mimi nimekaa nasikia baridi.

Nilikuwa rubani kijana wa helikopta ndogo ya kukodisha. Ukiniona leo hapa Bigwa napalilia mchicha huwezi kudhani, lakini nilivaa miwani ya jua na shati la mistari mabegani, na kichwa kilikuwa kimenijaa upepo. Siku ile nilipangiwa kumchukua mfanyabiashara mmoja aliyetaka kutazama mashamba ng'ambo ya Milima ya Uluguru, kisha nimrudishe mjini.

Fundi wetu alikuwa Mzee Kobelo, Mluguru wa huko huko milimani, mtu wa maneno machache. Alinikuta uwanjani nikijaza karatasi ya safari.

"Hesabu yako ya mafuta umeifanya kiyoyozi kikiwa kimezimwa au kimewashwa?"

"Kimezimwa, mzee."

"Basi kizime."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia kiyoyozi kinakula kiasi gani, kijiko tu. Hakukasirika. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: kile kiyoyozi hakina injini yake, kinavuta nguvu ya injini ile ile inayozungusha mapanga. Helikopta kubwa haitasikia. Hii ndogo, yenye mzigo, kwenye joto, ikipanda mlima, itasikia. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema, "na haba na haba hukimaliza." Nikaitika sawa mzee, nikaenda zangu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Wangu ulianza kuota pale pale.

Hatujaruka, mgeni wangu, yule mfanyabiashara, akalalamika kuwa mle ndani ni tanuri. Nikawasha. Ningeweza kumwambia kuwa siku hiyo haiwezekani, na nadhani angekubali, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini nilitaka arudi akanisifu ofisini.

Tulipotua kwenye mashamba, alishuka kuzungumza na wenyeji. "Usizime," akaniambia, "nikirudi nisikute joto." Kwa hiyo nikakaa, injini inanguruma, mapanga yanazunguka, mafuta yanakwenda, ili kiti cha mtu kisipate moto. Mazungumzo yale yalikuwa marefu. Nilikuwa nikiitazama geji ikishuka, mwanangu. Usije ukadhani sikuiona.

Tulikuwa njiani kurudi, mawingu yameanza kukaa juu ya vilele, niliposikia sauti ya Mzee Kobelo kwenye redio.

"Zahanati ya Kinole imepiga simu. Kuna mama amejifungua, damu haikatiki, na mvua ya jana imekata barabara. Uwanja wa mpira wa shule uko wazi. Unapita karibu. Shuka umchukue."

Nikatazama geji. Yalikuwepo ya kunifikisha mjini na akiba kidogo. Ya kushuka Kinole, kumpakia mgonjwa, kupanda tena na uzito ule, hayakuwepo.

"Mafuta hayatoshi," nikasema.

Mzee Kobelo akauliza, "Hayatoshi vipi?"

Mgeni nyuma yangu akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Na kile kiyoyozi, Mungu anisamehe, nilikizima wakati huo.

Nilipotua mjini, Mzee Kobelo alikuwa amekwisha kusogeza pipa la mafuta. Tulipampu kwa mikono, jasho linatutoka. Nikaruka tena. Lakini Uluguru haimsubiri mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mashambani, Kinole yote imefunikwa kama sufuria. Nikazunguka, nikatafuta tundu, sikuliona. Nikarudi. Yule mama walimteremsha kwa machela, wanaume wanne wanapokezana kwenye utelezi, akakata roho kabla hawajafika penye gari. Aliitwa Mwanaidi. Mtoto alipona.

Siwezi kuapa kwamba ningemchukua angeishi. Uhai una Mwenyewe. Ninaloweza kuapa ni kwamba ile nafasi niliimaliza mimi.

Kwenye ripoti niliandika kuwa mawingu ndiyo yaliyonizuia. Mzee Kobelo aliisoma. Akaniambia, "Mawingu ni ya safari ya pili. Ya kwanza umeiandika wapi?" Kisha akairudisha mezani, na toka siku hiyo hadi anastaafu alinisalimia tu kama unavyomsalimia mpita njia. Afadhali angenipiga.

Wiki haikuisha, mume wa marehemu, mkulima aitwaye Shomari, akaja uwanjani na chane ya ndizi na mdalasini kwenye gazeti. Alikuja kunishukuru kwa kujaribu. Alisema kijijini waliisikia ndege ikizunguka juu ya ukungu. Nikapokea zile ndizi, mwanangu. Nikasema asante.

Mficha uchi hazai. Miaka ikapita, nikaacha urubani, na neno lile halikunitoka. Mwishowe nikapanda Kinole nikamwambia Shomari yote, kiyoyozi, injini niliyoiacha inanguruma, ripoti. Alikuwa anaanika karafuu. Hakuacha kuzitandaza.

"Mawingu nilishayasamehe," akasema. "Sasa umekuja na habari nyingine, na mimi ni mzee. Ungeniambia wakati nina nguvu za kukuchukia, ningekuwa nimemaliza."

Hakunikaribisha kukaa. Nilishuka mlima kwa miguu.

Basi sikia, mwanangu. Ukikabidhiwa usukani, au dawa za zahanati, au funguo za ghala, ile akiba iliyomo si yako wala ya bosi wako. Ni ya mtu usiyemjua bado, ambaye atakuita ukiwa umechoka na unataka kurudi nyumbani. Usiitumie kumfurahisha aliye mbele yako. Mwambie "hapana" mapema, kwa adabu, avumilie jasho lake, jasho hukauka. Na ukikosea, kiri kosa lingali bichi. Ukweli uliocheleweshwa humpunguzia mzigo anayeusema tu, ukamwongezea anayeusikia.

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikia fundi wako, na ulimi usiomwogopa mkubwa wako. Akufikishe salama, na wanaokungojea akufikishe kwao kwa wakati. Amina.