Nimebadilisha tovuti, nikamfuta bibi

Shangazi kanipigia leo asubuhi, hata salamu yangu hakuisubiri.

"Kwa nini umemfuta mama yangu?"



Wiki hii yote nilikuwa nahamishia tovuti yangu binafsi kwenye framework mpya, yaani zana nyingine kabisa za kuijengea. Ni mara ya tatu. Tovuti yenyewe ina kurasa nne tu, msinicheke.

Ukurasa mmoja ukanisumbua: ule wa marehemu bibi, wenye picha yake na sauti niliyomrekodi akisimulia kwa Kimasai siku aliyoolewa. Kwenye framework mpya ile sauti iligoma kabisa kucheza. Nikajiambia, kwani nani anaufungua? Nikauacha nje, nikaiweka tovuti mpya hewani bila huo.

Kumbe shangazi, huko kwake Ngaramtoni, huufungua kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

"Shikamoo shangazi. Nilidhani hakuna anayeutazama."

"Marahaba. Si ungeniuliza? Mimi sauti ya mama sina pengine."

Jamani.

Nimekaa hapa kwangu Sokon One, nimeitupa kazi ya wiki nzima na kuirudisha tovuti ya zamani kama ilivyokuwa. Ilichukua dakika kumi. Rangi zake mbaya, na herufi kubwa utadhani tangazo la mnada wa ng'ombe.

Nikamwambia shangazi ajaribu tena. Robo saa ikapita, nikaanza kuogopa kwamba imegoma na kwake.

Nikamwandikia: "Shangazi, imefunguka?"

Akajibu: "Ngoja, bado anaongea."