Gazeti Nyuma ya Chupa

Mtunza maabara ya chuo alikuwa na vidole vilivyokauka kwa sabuni, na mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa. Vita na vikwazo vilipozuia vifaa kuingia Bujumbura, aliwafundisha wanafunzi kupima maji kwa kipande hicho: kiweke nyuma ya chupa, na herufi zisiposomeka, usinywe. Mashine ya kupimia tope katika maji ilipofika hatimaye, mwalimu Daphrose, aliyeiomba kwa barua kumi na moja, alishangaa kumwona mtunza maabara hataki kusaini hati ya kuipokea. Mzee aliyatazama maji ya mtaa wa Musaga kwa gazeti lake, herufi hazikusomeka, akayatia mashineni, kisha akageukia dirisha asione namba.

“Inasema nini, Madame?”

“Machafu sana.”

Mzee akashusha pumzi, akatabasamu.

“Basi iko muzima,” akasema, na hapo ndipo akasaini kuipokea.