Kiti Nilichomnyima Rehema

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na kipande cha sponji nene kwapani. Maisha yangu yote pale Mafiga, Morogoro, nilikuwa fundi wa kushona makochi na siti za bodaboda, kwa hiyo klabu ya baiskeli iliponiita nitunze vifaa vya mbio ndefu, nilidhani naitwa kupunguza maumivu ya watu.

Mkuu wa Mazoezi, mama mkavu wa maneno aliyewahi kushindana mwenyewe, aliibonyeza kwa kidole siti ya baiskeli niliyoivalisha sponji kwa ajili ya binti mmoja, Rehema.

"Mzee Mkude, hili ni kochi. Unamtakia usingizi?"

"Nimemwonea huruma, mama."

"Sponji ikilainika makalio yanacheza, yakicheza yanachubuka. Toa."

Nikatoa. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuwazoesha watu karaha, mimi ambaye mvua ikinyesha siendi hata dukani. Tuliwapandisha njia ya Kinole kwenye matope, nguo mbichi mwilini, wakila viazi vya baridi bila kushuka. Mapajani walipaka mafuta ya mgando kabla ya kuchubuka, si baada. Mikono waliihamisha kwenye hendeli kabla vidole havijafa ganzi. Mimi nilisimamia yote hayo nikiwa nimepakiwa nyuma ya bodaboda, nimejifunika koti.

"Shikamoo, babu. Huko kwenye bodaboda kuna baridi?" Rehema alinitania.

"Marahaba. Baridi hakuna, kuna matope yako."

Mbio zenyewe zilikuwa kutoka Morogoro hadi Dodoma na kurudi, bila kulala. Mwaka uliotangulia, Rehema alifika Dumila wakati wa kurudi, akaketi apumzike kidogo, asiinuke tena. Misuli ikishapoa hugoma. Safari hii klabu ilimwambia wazi kwamba asipomaliza, nafasi yake anapewa mwingine. Mkuu akanipanga mimi kituo cha Dumila.

"Hakuna kiti pale," akaniambia. "Na wewe usikae. Akikuona umekaa, naye atatamani kukaa."

Nilisimama tangu asubuhi. Alasiri Rehema akatokea akirudi kutoka Dodoma, midomo imepasuka, shingo haigeuki. Kabla sijamfikia, mama mmoja muuza vitunguu alishaleta kigoda, akakifuta kwa khanga yake.

"Karibu mwanangu, keti. Pole na safari."

Rehema akakitazama kile kigoda. "Babu, kidogo tu."

"Hapana."

"Naumia, babu."

"Najua. Tulikubaliana utaumia. Kunywa uji."

"Mzee gani huyu?" mama akawageukia wenzake. "Mgeni anasimamishwa kama nguzo, naye anatazama."

Pale kila mtu alikuwa upande wa kigoda, na kusema kweli hata mimi nilikuwa upande wake. Kumnyima mgeni kiti sikuwahi kufundishwa nyumbani kwetu. Nikakinyakua, nikakikumbatia kifuani. Rehema akaegemea hendeli, akanywa uji huku machozi yakimtoka, kisha akanitazama nilivyoshikilia kigoda kama mwizi wa kuku, akaanza kucheka.

"Unakipenda wewe hicho, babu."

"Sana. Ondoka nisije nikakikalia."

Akapandisha mguu mara ya kwanza, ukakataa. Mara ya pili ukakubali. Akaenda.

"Haya keti, ameshakwenda," mama akanambia, bado amenuna.

"Nikikaa mimi, naona kama ataketi naye huko njiani."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye vitunguu vyake. Nilisimama mpaka simu ya Mkuu ilipoingia: Rehema amevuka mstari, amelala chini kando ya baiskeli, hataki kuguswa, anacheka peke yake.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Siku hizi sitoki nyumbani ila kwa sababu kubwa, na sababu kubwa ni chache. Vijana wanaojiandaa na mbio huja kuniuliza habari za siti, gia na mafuta. Nawajibu yote. Kisha nawaambia watafute mapema mtu anayewapenda ambaye ataweza kuwanyima kiti, wamlishe vizuri, na wahakikishe magoti yake ni mazima.