Matanuu Yaliyopoa ya Uskoti

Niliondoka Mambrui kwa sababu mimi na mwanangu Athmani tulikuwa hatusemezani. Yeye anataka kulibomoa tanuu langu la chokaa ajenge vyumba vya wageni. Mimi tanuu lile ndilo lililonilisha. Shule niliishia darasa la pili, lakini ukiona nyumba kongwe pale Malindi ukuta wake mweupe na haubabuki, jua chokaa ni yangu. Dada yake Mwanaisha, muuguzi huko Uskoti, alichoka kutusuluhisha kwa simu. "Baba, njoo huku upumue. Ukirudi umjibu." Nikamwambia Athmani asiguse hata jiwe moja mpaka nirudi.

Siku ya safari alinipeleka Mombasa kwa gari lake. Tulipovuka daraja la Kilifi nikamtaka asimame Mnarani. Kila nikipita huingia magofuni kuitazama mihrabu ya mawe ya msikiti wa kale, maana chokaa ya wazee wale bado imeshika. Na huvua viatu. Nyumba ya Mungu ikibomoka haibomoki na heshima yake.

"Baba, ndege haingoji gofu," Athmani akasema.

"Gofu hili litakuwapo, vyumba vyako vishaanguka."

Ya angani hayana habari. Chakula hakikuwa na chumvi wala pilipili, nikala mkate.

Edinburgh, Mwanaisha alinipokea na koti mkononi. "Shikamoo baba. Vaa kwanza, ndipo uitikie." Tukaendelea kwa gari lake hadi kijijini kwake: njia moja, nyumba za mawe pande mbili, kanisa na mto. Nikamuuliza watu wako wapi. "Ndio hawa, baba," akanionyesha mwanamke mmoja akifunga dirisha.

Asubuhi tukatoka kutembea kandokando ya mto. Mbele, kwenye mteremko, nikaona matao ya mawe yamejipanga, marefu, majani yameota juu. Roho ikaniruka. Kumbe hata huku Waislamu walifika! Nikavua viatu. Nyasi zilikuwa na maji ya baridi inayouma kama kaa la moto, nami nikasonga mbele. Nyuma akaja jirani wa Mwanaisha, mzee aitwaye Bwana Duncan, na mbwa wake. Nikamkunjia uso: mbwa, msikitini?

Mzee akasema maneno. Mwanaisha akafasiri: "Anauliza kwa nini umevua viatu."

"Mwambie namheshimu Mungu. Na yeye amtoe mbwa wake."

Mwanangu alicheka hata akashika ukuta. "Baba, hapa si msikiti wala kanisa. Haya ni matanuu ya chokaa!"

Nikavaa viatu. Ndipo nikaingia chini ya tao, nikapapasa. Kweli, mawe yalikuwa yameungua mpaka yakang'aa kama chupa. Bwana Duncan akaeleza kwamba zamani kijiji kizima kiliishi kwa moto huu. Kwetu unapanga magogo ya minazi ndani ya tanuu, unatandaza mawe juu, unachoma, linapoa, unaanza upya. Wao walimimina mawe na makaa juu, wakakokoa chokaa chini, moto hauzimwi miezi na miezi. Nikaona wivu, nasema kweli. Kisha makaa ya mawe yakapungua machimboni, saruji ikaja, reli iliyobeba chokaa ikang'olewa, vijana wakahama.

"Saruji!" nikasema. "Hata huku!"

Nikamuuliza walijuaje kama jiwe limeiva.

"Babu yangu alikuwa mchomaji, akanieleza kila kitu ila hilo," akajibu. "Alisema hujulikana kwa macho. Mimi sijapata kuliona likiwaka. Na wewe wajuaje?"

Nikafungua kinywa nimweleze, nikakwama. Moshi hubadilika, naam, lakini unabadilikaje? Hilo huambiwi, unasimama pale ukaliona. "Mwambie aje Mambrui."

Mzee akauliza jingine. Mwanaisha alifasiri polepole, akitazama chini. "Anauliza kama mwanao anajua."

Athmani nilimpeleka shule asiungue nyusi kama mimi. Tanuu analijua kwa kulipita.

Kusema haki, wale watu wameyatunza mawe yao. Nyasi hukatwa, pana kibao cha maelezo, watoto wa shule huletwa kutazama. Ila ndani ya tanuu palikuwa na baridi kushinda nje.

Kurudi, Athmani alinipokea Mombasa. Tulipokaribia Mnarani akapunguza mwendo mwenyewe. "Tusimame, baba?"

"Twende. Kuna kazi."

Tulipofika Mambrui akadai jibu lake. Nikamwambia, "Bomoa." Akanitumbulia macho. "Ila kwanza uchome mara moja, wewe, mwanzo hata mwisho. Mimi nitakaa kando. Mtu abomoe anachokijua."

"Na nikiharibu?"

"Mawe yapo."

Nilichokiona Uskoti ni hiki: mawe yanaweza kutunzwa na yeyote mwenye fyekeo, lakini moto hauna wa kuutunza ila aliyesimama mbele yake.

Ninapoyasema haya, tanuu linawaka. Athmani amekaa upande wa upepo, nyusi zimeshaungua, jasho mpaka visigino. Mchana kutwa aliniuliza, "Baba, limeiva?" nami namwambia atazame mwenyewe. Sasa ameacha kuniuliza. Anatazama moshi.