Salamu Zilizojaza Kona

Majina yao wote ninayo, wale waliokuwa kwenye mkutano ule. Nilisoma hadi darasa la tatu, na kalamu naisukuma kama toroli lenye gurudumu bovu, lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki, pamoja na la mama yake. Hapa sitataja hata moja. Wengi wao bado huniletea sukuma wiki kutoka bustani zao, na sitaki kuzeekea kwenye kabichi ya dukani.

Ilikuwa Februari, tukikaa Brooklyn Park, huku ughaibuni kwenye theluji, mwaka wa ule uchaguzi wa katikati, ambao rais hayumo kwenye karatasi na watu hujifanya hawajui kama kuna kura. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza amalize chuo, alikuwa amempenda mgombea mmoja. Si mapenzi yale. Ni yale ya siasa, ambayo ni mabaya zaidi kwa kuwa hayana mahari. Mgombea mwenyewe alikuwa mwalimu, mama mwenye sauti ya kukwaruza, aliyesema wanaotunza wazee walipwe vizuri na mtu atibiwe bila kuuza gari. Binti yangu alikuwa akitunza wazee kule Golden Valley, zamu mbili mbili, akirudi nyumbani anavua viatu kama anayeng'oa jino. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Msimu wote wa baridi mjukuu alibisha milango ya watu. Ulipokaribia mkutano wa chama, ule wa kila mtu kusimama kwenye kona ya mgombea wake, aliketi jikoni, pua nyekundu, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba tusipoweza kujaza hata kona moja katika mtaa wetu wenyewe, siasa basi, hatatoka tena. Nikamtazama. Msichana akizoea kuacha mambo katika umri ule, ataacha mengi.

Aliyetusumbua alikuwa Mwenyekiti. Namwita hivyo kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani: muuguzi mstaafu, jirani wa ghorofa ya juu, na ndiye aliyekuwa akinipeleka ibada kila Jumapili kwa gari lake. Rafiki yangu kabisa. Lakini yeye alikuwa na mgombea mwingine wa chama chetu hichohicho, bwana mmoja aliyetabasamu vilevile kwenye kila picha.

"Shosho," aliniambia tukiwa barabarani, maana bibi kwetu huitwa hivyo, "hata mimi nataka mishahara ipande. Lakini huyo mwalimu wenu atawatisha watu wa mji ule wa Blaine, wasiofungwa na chama, na Novemba tutawahitaji."

"Umewauliza?"

"Nani?"

"Hao watu wa Blaine."

"Si nawajua! Wanataka mtu mtulivu."

"Mtu wenu si mtulivu, ni vuguvugu. Chai ya vuguvugu haimtishi mtu, lakini pia hakuna anayevaa buti kuifuata kwenye theluji."

Akawasha redio.

Jioni ya mkutano ikafika. Huo ni mkutano wa chama wa majirani, wanauita kokasi, na hufanywa miezi mingi kabla ya mchujo wenyewe. Kila mgombea hujitafutia wajumbe hapo. Tulikuwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule. Mzungu mmoja mwenye filimbi shingoni akatangaza: kila mtu atembee, akasimame kwenye kona ya mgombea wake. Kona itakayopata watu kumi itatoa mjumbe. Isiyofika kumi itavunjwa, na watu wake watafute pengine. Filimbi ikilia, mtu asisogee, ahesabiwe hapo alipo.

Nikashika mkoba wangu. Sisi tuliopiga kura ya mlolongo kule Kenya tunaijua hii ya kusimama nyuma ya mtu. Mstari mrefu unachomwa na jua, mstari mfupi unatangazwa mshindi.

"Huyu wa filimbi asihesabu akinipa mgongo," nikamwambia mjukuu.

"Shosh, tafadhali. Huku hawaibi hivyo."

"Huku wanaibaje?"

Akanishika mkono kunitafutia kiti.

Kona yetu ilikuwa na watu saba, pamoja na mimi niliyepewa kiti. Kona ya Mwenyekiti ilikuwa imefurika, na wengi walikuwa watoto wetu wa kanisani, wauguzi watupu. Nao walifuata siasa? Mwenyekiti alikuja na sinia la mandazi! Sisi tulikuwa na maji ya chupa. Mjukuu alihesabu saba, akahesabu tena, kisha akaanza kufunga zipu ya koti lake.

Hiyo zipu ndiyo iliyoniudhi.

Kijana aliyelelewa vizuri kwetu hajibu salamu ya mzee kutoka mbali. Anakuja. Anatoa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko, na anangoja mpaka mzee amalize. Na mzee humaliza anapotaka. Basi nikainua sauti, nikamwita muuguzi mmoja kwa jina la ubatizo, halafu kwa lile la nyumbani ambalo hakujua kwamba ninalijua. Akaja mbio, andazi bado mdomoni.

"Mguu wa mama umepona?" nikamuuliza, nimeshika mkono.

"Umepona, Shosho."

"Na yule ndugu yako aliyehamia Apple Valley, alioa?"

Mkewe akaja kuona mumewe kafanya nini. Naye nikampokea. Wakawa tisa.

Mwenyekiti akaona. Akavuka ukumbi na sinia lake, vigogo wa kanisa wote wakimtazama.

"Shosho, niachilie watu wangu."

"Kwani nimewafunga? Na wewe, tangu asubuhi hujanisalimia."

Kweli hakuwa amenisalimia. Na mimi nimempita miaka mingi, na yeye ndiye hufundisha adabu Jumapili. Akampa mjukuu sinia, akatoa mkono. Nikaufunika kwa mikono yangu yote miwili.

"Ile presha ya mzee wako—"

Filimbi ikalia.

Yule mzungu akaja akihesabu kwa kidole. Alipomfikia Mwenyekiti akasita, kwa maana alikuwa amemwona kule akigawa mandazi. Akamuuliza kama yuko kona hii kweli. Kiingereza cha Mwenyekiti ni kizuri kuliko cha huyo mzungu. Neno moja tu lingetumaliza. Alinitazama, akamtazama mjukuu wangu, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukariri mistari ya Biblia akiwa hana meno ya mbele. Msichana alikuwa ameganda na sinia mikononi.

"Niko hapa," Mwenyekiti akasema. Kisha kwangu, kwa Kiswahili: "Jumapili utaenda kanisani kwa miguu."

Mjukuu akawa mjumbe. Yule muuguzi aliniambia baadaye kwamba tangu mwanzo alimtaka mwalimu, ila mandazi yalikuwa moto.

Agosti mwalimu akapita kwenye mchujo, kwa shida. Mwenyekiti alininunia vizuri tu. Halafu Jumamosi moja ya Oktoba nikasikia honi chini.

"Shosho, shuka tusalimiane!"

Nikashuka na kandambili zangu. Akatoa mkono dirishani. Nikaushika, naye hakuuachilia.

"Leta viatu. Tunaenda Blaine. Si ulisema niwaulize?" Mjukuu alikuwa kiti cha nyuma, anacheka mpaka machozi. "Mtu wenu ndiye mtu wetu sasa. Lakini nikifukuzwa na mbwa, ni juu yako."

Nyumba ya kwanza alinisukuma mbele, eti mimi ndiye mwenye mdomo. Mlango ukafunguliwa na mama mmoja mwenye unga mikononi. Nikamuuliza jina kwanza, kisha la mama yake. Bado ninayo yote mawili.