Picha Kumi na Mbili za Mama Hisano

Kuwabara Yasuhiko, karani mstaafu wa posta pale Matsumoto, alikuwa na kamera tatu ndogo zilizopiga vizuri tu. Balaa ilianzia kwenye klabu yao ya picha, siku mwalimu alipoitazama picha yake ya mlima, akanywa funda la chai na kusema, "Filamu ndogo hiyo, siyo?" Basi. Mtu mzima mwenye wajukuu akakosa raha mwezi mzima.

Soko la kamera kuukuu lilipofunguliwa Tokyo, kwenye ghorofa ya nane ya duka kubwa, alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, pamoja na wazee wenzake wenye vitochi vya kumulikia ukungu ndani ya lenzi. Walisukumana kwa adabu sana, wakiombana radhi kwa kila kiwiko. Akaziacha zake tatu kama sehemu ya malipo, akarudi na moja ya filamu pana, nzito kama jiwe la kukandamizia mboga za chumvi.

"Baba watoto, hiyo ni kamera au jiko?" mkewe Tomie aliuliza.

"Filamu yake pana mara nne! Utahesabu nyuzi za kimono."

"Nani kakwambia anataka kuhesabiwa nyuzi?"

Kisingizio kilikuwepo. Mama yake, Hisano, miaka tisini na mmoja, aliyepokea wageni miaka arobaini katika hoteli ya chemchemi za moto, alikuwa akidai picha yake ya mazishi, ile ya kuwekwa mbele wageni waiinamie. Hakutaka uso wake uje ukatwe kutoka picha ya harusi ya mtu. "Nipige ningali na meno," alisema kila Jumapili. Na kila Jumapili mwanawe alijibu kwamba kifaa kinachoustahili uso huo bado hakijapatikana.

Sasa kimepatikana. Mama akaketishwa dirishani, kimono cheusi, mgongo wima. Kamera yenyewe unaishikilia tumboni na kuchungulia kioo chake kwa juu. Ukibonyeza, kioo kinazimika mpaka uzungushe filamu. Kila Tomie alipofungua mdomo alinyamazishwa.

"Shsh! Napima mwanga!"

Kuwabara aliinamia kioo, akauona uso wa mama umetulia. Kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akasema, "Mama, tafadhali," ndipo akabonyeza. Alifanya hivyo mara kumi na mbili, filamu ikaisha.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, zote zilikuwa za utosi. Tosi kumi na mbili, mvi zimechanwa vizuri, kila unywele unahesabika. Ukimwambia Mama Hisano tafadhali huku umeinamisha kichwa, naye anainama. Miaka arobaini ya kuinamia wageni hotelini, mwili wake ulishazoea, hauulizi.

"Mimi niliona," alisema Tomie. "Toka ile ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Si ulikuwa unapima mwanga!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Hii ya saba nzuri. Nywele zimekaa."

"Tutarudia, mama. Ila lenzi hii ina ukungu kidogo pembeni, nimeagiza nyingine."

"Lenzi ya nini tena, we mtoto? Uso wangu ni huu huu."

Lenzi ilifika Februari, siku tatu baada ya kumzika.

Kabla ya mazishi Kuwabara alikuwa amepekua masanduku yote ya picha zake: milima, mahekalu, kunguru juu ya theluji. Mama hakuwemo. Ikabidi ile ya saba iwekwe katikati ya maua meupe. Wageni waliwasha ubani, wakainama, wakainuka, wakamkuta bado kainama. Nani ana ubavu wa kuinuka kabla ya bibi wa miaka tisini na mmoja? Wakainama tena. Foleni ikafika mpaka barabarani, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kuwabara alikuwa wa mwisho. Aliinama, akakaa hivyo hivyo, machozi yakidondokea mkekani. Tomie akamvuta mkono wa koti.

"Baba watoto, inuka, watu wanangoja."

"Aanze yeye," alisema.