Ubao Mtupu Langoni

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Langoni, mlimani, hata kwa muuza mkate, yeye alikuwa Bi Hakika, na jina hilo alijitakia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwambia mkate ni wa leo, atakuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia ni saa mbili, "Una hakika?" Waliohudhuria harusi yake wanasimulia mpaka leo kwamba bwana harusi, fundi cherehani mpole asiye na makuu, alipotamka kuwa amekubali, bibi harusi alimgeukia akamnong'oneza swali lile lile, ukumbi mzima ukasikia. Fundi alijibu kwamba anayo, na miaka ishirini na sita baadaye hajabadili jibu.

Bi Hakika alikuwa karani wa lango la mlima. Chumba chake kilikuwa na meza moja, simu moja, redio ya kuzungumza na walinzi wa juu, na kabati la chuma ambalo droo yake ya pili haifunguki mpaka uipige teke. Nje, chini ya kibati cha kukinga mvua, palipigiliwa ubao mweusi. Kila asubuhi kabla ya saa moja na nusu aliandika hapo hali ya siku: njia ina utelezi au haina, mto unavukika au hauvukiki, kambi ya kwanza na kambi ya pili zina maji au zimekauka. Wapandaji waliusoma ubao ule kabla ya kukaza kamba za viatu. Waliokuwa mbali walipiga simu, naye aliwasomea neno kwa neno.

Habari za juu alizipata kwa mlinzi wa kambi ya pili, mzee mmoja aliyekaa huko peke yake katika kibanda cha mbao. Walimwita Mzee wa Juu. Langoni walikuwa na utani wao, kwamba aliyeko juu mngoje chini, ila huyu wangemngoja mpaka waote mvi, maana alishuka mara moja tu kwa mwezi. Alikuwa msemaji. Kwenye redio hakuishia kusema kambi ni safi. Alieleza nyani aliyemwibia sabuni, tawi lililoanguka, Mjerumani gani au Mchina gani alilala na viatu. Bi Hakika alikuwa akimkata kauli, "Kaka, maji yapo?"

Sasa, wiki hiyo Mzee wa Juu alibadilika. Jumanne asubuhi, baada ya mvua iliyopiga bati la ofisi hadi watu wakawa wanazungumza kwa ishara, redio ilisema, "Njia nzuri, mto umepungua, kambi safi, maji yapo." Basi. Jumatano ikasema hivyo hivyo. Alhamisi vilevile, hakikuzidi wala kupungua kitu.

"Kaka, una hakika?" akauliza Bi Hakika.

"Dada, mimi ndiye niliye huku," redio ikajibu, ikazimika.

Alitoka nje na chaki. Akaandika neno "Njia", akasimama. Akalifuta kwa kiganja. Akaandika tena, akalifuta tena. Akarudi ndani, akakaa, akainuka. Kiti kile alichokikalia miaka kumi na tisa kilikuwa kama kimeota miiba. Alikunywa chai nusu kikombe akiwa amesimama mlangoni, macho yakiwa kwenye ukungu uliofunika mabega ya mlima, kisha akasahau kikombe juu ya kabati na kuanza kukitafuta mezani.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Jumamosi mdogo wake angepanda. Huyo mdogo wake alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na yeye na wenzake saba walikuwa wamehangaika mwaka mzima kupata likizo ya siku mbili, maana hospitali haiwezi kuwaacha wauguzi wanane waondoke kama kundi la ndege. Walipanga kulala kambi ya pili usiku mmoja. Asubuhi ile alipiga simu kwa mara ya tatu.

"Dada, vipi ubao? Niwaambie wenzangu njia iko wazi?"

"Bado sijaandika."

"Saa mbili kasoro hii! Unaumwa?"

"Siumwi. Moyo haujatulia."

"Moyo wako ulitulia lini?" mdogo mtu akacheka. "Mlinzi kasema nini?"

"Kasema njia nzuri."

"Basi andika njia nzuri, mama, utuache tufunge mizigo."

Bi Hakika alikata simu, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa lango. Mkuu alikuwa mtu wa karatasi. Meza yake ilijaa mafaili hadi ukizungumza naye unaona paji la uso tu.

"Bosi, naomba kupanda kambi ya pili. Nirudi leo leo."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Sasa redio tuliiweka ya nini?"

"Redio ni ya kusikia, bosi. Mimi nataka kuona."

Paji la uso likakunjamana. "Na ubao?"

"Ubao utakaa mtupu. Atakayepiga simu mwambieni tunakagua."

Haikuwahi kutokea ubao ukae mtupu. Lakini pia haikuwahi kutokea Bi Hakika aombe kitu, na huenda ndiyo sababu mkuu alimruhusu. Alimpa mpagazi mmoja amsindikize, mwanamume wa makamo mwenye miguu mirefu aliyeitwa Twiga. Saa mbili na nusu walikuwa njiani.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kwa miaka sita hakuwa amevuka kambi ya kwanza. Kwenye mianzi alianza kuhema. Twiga alipunguza mwendo, naye akamwambia asimpunguzie. Alipita akichoma udongo kwa fimbo, akitikisa vishikio vya ngazi za mbao, akiinama kutazama nyayo. Njia ilikuwa nzuri kweli. Kambi ya kwanza ilikuwa safi, bomba linatiririka. Walipofika mtoni, maji yalikuwa chini ya magoti, meupe, na mawe ya kuvukia yote yako juu.

"Umeona, Bi Hakika?" Twiga akasema. "Mzee kasema kweli. Turudi tukaandike."

Alisimama juu ya jiwe la katikati, maji yakipita pande zote mbili. Angeweza kurudi. Aliona aibu kidogo pia, maana kumkagua mtu mzima aliyekaa mlimani miaka thelathini si jambo dogo. Lakini miguu haikugeuka. Alivuka, akashika njia ya juu.

Walifika kambi ya pili saa saba kasoro. Uwanja wa mahema ulikuwa mtulivu, nyasi zimelala kwa unyevu. Mlango wa kibanda ulikuwa umerudishiwa tu.

"Hodi kaka!"

"Karibu," sauti ikasema, kisha ikaongeza haraka, "Nani?"

Mzee wa Juu alikuwa kitandani, mguu wa kulia umewekwa juu ya gunia. Kifundo kilikuwa kimevimba kikawa kama boga, ngozi inang'aa. Jumatatu jioni aliteleza kwenye ngazi. Tangu hapo hakuwa ametoka zaidi ya mlangoni. Redio ilikuwa kando ya mto wake wa kulalia.

"Shikamoo kaka," akasema Bi Hakika, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba." Mzee alitazama ukuta. "Mto nauona kutoka dirishani. Sikudanganya kuhusu mto."

"Na njia?"

"Wapagazi waliopita Jumanne walisema ni nzuri."

"Na kambi?"

Mzee aliusogeza mguu juu ya gunia. Kisha akasema, "Nimebakiza miezi minane nistaafu, dada. Wakijua nimeanguka watasema mzee huyu amekwisha, wanishushe nikafie kwenye kiti."

Twiga alianza kupasha maji ya kukanda mguu. Bi Hakika alitoka. Alizunguka uwanja wa mahema, akakagua choo, akapanda nyuma ya kibanda hadi kwenye chemchemi inayolisha kambi. Alipiga magoti, akateka kwa kiganja. Maji ya chemchemi ile, ambayo watu huyanywa bila kuchemsha, yalikuwa mekundu kama chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa. Alipanda zaidi, akishika mizizi. Juu kidogo, miti mitano ilikuwa imeinamia upande wa kambi, yote mitano, kana kwamba kuna mtu anayeivuta kwa kamba moja. Na mbele ya miti hiyo ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulikata mteremko kutoka mwamba hadi mwamba. Alitia fimbo yake ndani. Ikazama mpaka kwenye kishikio.

Alimwita Twiga. Twiga aliutazama ufa, akatazama chini, pale pale penye uwanja ambao watu hulaza vichwa vyao.

"Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta," akanong'ona.

"Huu hauzibiki. Mbebe mzee, tushuke."

Mzee wa Juu alikataa kwanza, akakubali alipoambiwa alichokuwa amelala chini yake. Twiga alimbeba mgongoni hadi langoni, wakipumzika kila mahali penye gogo. Njia nzima mzee alisema jambo moja tu. "Dada, andika ufa. Usiandike mguu."

Walifika langoni saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu ya vilima. Wahudumu wa zahanati ya jirani walimchukua mzee. Bi Hakika aliingia kwa mkuu, viatu vyote tope, akaeleza alichokiona. Mkuu aliinuka kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona kidevu chake.

"Na huyo mlinzi ameumia tangu lini?"

Swali lilikuwa fupi. Bi Hakika alikumbuka ombi la mzee. Kuficha angeweza. Lakini siku mbili watu walikuwa wameusoma ubao wake, wakaamini, wakapanda. Wengine walilala pale chini.

"Tangu Jumatatu," akasema. "Siku tatu alitoa taarifa akiwa kitandani." Kabla mkuu hajafungua mdomo, alikwenda kwenye kabati lake, akapiga teke droo ya pili, akarudi na faili. "Na hizi ni barua zake tatu za kuomba mlinzi wa pili. Ya mwisho ni ya mwaka jana. Zote zina muhuri wako wa kupokelewa, bosi."

Mkuu alizisoma akiwa amesimama. Alizikunja, akaziweka mfukoni mwa shati, si ndani ya faili.

Ubaoni aliandika: Njia nzuri hadi kambi ya kwanza. Kambi ya pili imefungwa. Usivuke mto.

Mdogo wake hakupokea habari hizo vizuri. "Mwaka mzima, dada! Unajua nilibembeleza watu wangapi?"

"Laleni kambi ya kwanza."

"Kambi ya kwanza mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Huo mlima wako utaanguka lini?"

"Sijui," akasema Bi Hakika.

Wauguzi walilala kambi ya kwanza, wakarudi wamechoka, wakiimba, ila mdogo mtu alimkalia kimya dada yake wiki mbili. Mtaalamu wa ardhi alikuja, akapima, akasema kambi ihamishwe ng'ambo ya mto. Mzee wa Juu hakufukuzwa. Alipewa kazi ya redio, meza ya pili chumbani kwa Bi Hakika, na alikaa siku tisa bila kumtazama machoni. Siku ya kumi mzee alimsogezea kikombe cha chai, naye akakipokea.

Mvua za msimu zikaja, zikaisha. Mteremko haukuanguka. Wapandaji wengine walilalamika langoni kwamba walizuiwa bure, na mmoja aliandika barua kwa mkuu. Bi Hakika aliisoma mara mbili. Siku hiyo alipofika nyumbani alivua viatu, akavivaa tena, akazunguka nyumba. Fundi alisimamisha cherehani.

"Kuna nini?"

"Huenda nilikosea."

"Huenda," fundi akasema. "Kaa ule."

Alikula akiwa amesimama dirishani. Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa njiani tena kwenda kuutazama ufa, na Twiga nyuma yake akilalamikia baridi.